Sura Niliyompa Marehemu

Mjane alikuja kwenye studio yangu ya picha hapa Nyabiondo, na kadi ya kupigia kura ya marehemu mume wake. Kwetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho, na kwa wengi ndiyo picha pekee waliyo nayo. Ilikuwa imekaa miaka kwenye mfuko wa shati, katika jasho na mvua. Uso ulibaki kivuli cha kijivu, mdogo kuliko kidole gumba.

"Papa, unikuzie hii. Siku ya kutosha matanga, mama mukwe anataka amuone mutoto wake."

Mama mkwe huyo anaishi Walikale. Siku ya mazishi barabara ilikuwa imefungwa, hakumzika mwanawe; sasa angekuja siku ya kuondoa matanga.

Mwenzangu wa kazi, mama mmoja wa Kirotshe, ana kompyuta yenye programu ya mafundi, ile ya kulipia kila mwezi. Nilipomweleza kazi hiyo, alinionya kwa simu:

"Papa, ile ya bure ya mu telefone inavumbulaka sura, inajitungiaka tu. Kuya hapa. Siku mbili tutaitengeneza pole pole, na penye hapaonekane tutapaacha."

"Mama, nilianza kupiga picha mbele ujue kutembea."

"Basi endelea kupiga. Mu kutengeneza, Papa, ungali unatambaa!"

Alicheka. Nilikata simu. Ubahili ulikuwepo, sikatai, lakini kiburi kilizidi.

Nikafungua ile ya bure, nikatazama tangazo la sabuni mara mbili, nikabonyeza kitufe kimoja. Akatokea kijana mwenye mashavu laini kama sahani, ngozi iliyopauka, meno ya mtu asiyewahi kutafuna muhindi wa kuchoma. Juu ya jicho, palipokuwa na kovu, hapakuwa na kitu. Mimi nilimjua marehemu. Alikuwa akipita mbele ya studio na magunia ya maharagwe kwenye pikipiki, akinisalimia. Huyu hakuwa yeye. Hata hivyo nilichapisha, nikatia fremu, nikajiambia wafiwa wanapenda uzuri.

Siku yenyewe nilikaa mbele, nikisubiri shukrani. Naona aibu kuliandika hilo. Nyuma yangu mtu alinong'ona:

"Papa Foto, wafu nabo wanapakaka mafuta ya kung'arisha ngozi?"

Wenzake wakabana vicheko. Kisha mama mzee wa Walikale akaletwa, ameshikwa mikono. Alisogea mpaka kwenye picha, akapapasa juu ya jicho kwa vidole viwili, akarudia tena.

"Alama ya jembe iko wapi? Miye njo nilifunga ile kidonda."

Akamgeukia mkwe wake.

"Ulinileta nililie mugeni?"

Mjane aliinama. Ningeweza kuisingizia programu, lakini programu haikunificha kitu. Nilikuwa nimekwisha kuona.

"Mama, ni miye," nilisema. "Niliona si yeye, nikaleta vilevile."

Alinitazama kama unavyotazama kitu ulichokikanyaga njiani.

"Utoshe huyu muntu yako."

Nikamshusha ukutani kijana yule mwenye meno meupe na kumweka kwapani. Ibada iliendelea mbele ya msumari mtupu. Wengine walilia, mama mzee alikaa macho makavu. Asubuhi iliyofuata alipanda pikipiki kurudi Walikale, bila kumwona mwanawe.