Nilivyofungua kibanda cha mashine za salfa Nachingwea mwaka ambao korosho haikuwa na bei

Wakuu, wakubwa shikamooni, wadogo zangu mambo vipi.

Naona kila siku vijana humu wanauliza, "uchumi umebana, nianze biashara gani?" Ngoja nami nitoe yangu. Chumvi siongezi. Hata pale nilipokuwa mjinga nitasema, na ujinga wenyewe ulichukua wiki kadhaa.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Nilikuwa fundi mitambo kwenye ghala moja la korosho pale Nachingwea. Bei ikaanguka, tukaitwa ofisini mmoja mmoja. Nikatoka na barua pamoja na spana ambazo bosi alijifanya hazioni.

Nyumbani sikutulia. Nakaa, nainuka, nazunguka ua, narudi. Mke wangu akaniambia, "Baba Hadija, utachimba shimo hapo."

Habari zikamfikia mjomba wake, Mjomba Issa wa kijiji cha Kiegei. Kwa msiojua, huku kwetu ukioa, mwenye sauti ni mjomba wa mke, na watoto wanahesabiwa upande wa mama. Akaja kwa baiskeli, akanywa maji, akasema kwa upole kabisa:

"Mkwe, mie sigombi. Msimu wa salfa ukiisha hujapata cha kufanya, nawachukua mama na mtoto. Mihogo kule ipo. Nawe ukitaka jembe, utalikuta."

Nikajibu "sawa mjomba".

Salfa ni dawa ya unga, tunapulizia mikorosho isipate ugonjwa wa ubwiri. Mashine yake unabeba mgongoni, ina injini kama ya kipikipiki. Nikawaza, korosho haina bei, nani atanunua mashine mpya? Watatengeneza za zamani. Nikasimamisha kibanda cha mabati karibu na soko, nikaandika ubao, nikakaa.

Watu walikuja, tena kutoka mbali. Sasa ujinga wangu ni huu.

Nilikuwa nafungua saa mbili asubuhi, kama bado nasaini daftari la mahudhurio. Mashine inanifikia saa nne au saa tano, jua linawaka. Navuta kamba mara moja, inanguruma. Nasema kwa mbwembwe, "Mzee, hii nzima, umepungukiwa nguvu tu!" Anaondoka. Kesho yake alfajiri inagoma.

Na salfa inapulizwa alfajiri, wakuu. Umande ukiwa kwenye majani ndipo unga unashika, na upepo unakuwa haujaamka. Jua likipanda umeshachelewa. Mimi mtoto wa hukuhuku nilijua hilo tangu utotoni! Miaka ya ghalani ilinisahaulisha.

Jina likaharibika. Na mmoja wa niliowarudisha kwa mbwembwe alikuwa Mjomba Issa mwenyewe. Akatuma salamu kwa muuza samaki wakavu: "Mwambie mkwe, ile mashine aliyosema nzima imelala tena."

Msimu ulibaki kama wiki mbili. Siku hiyo nikamkuta mke wangu anakunja nguo za mtoto, anaziweka kwenye begi. Niliogopa, jamani.

Sikula hata chakula cha mchana. Spana kwenye karia, baiskeli mpaka Kiegei, nikalala kwa mjomba ili niione ikigoma. Saa kumi na moja alfajiri tupo shambani, umande unatudondokea shingoni. Navuta kamba. Kimya. Navuta tena. Kimya. Majirani wawili wamesimama na mashine zao, nazo zimegoma.

Nikafungua plagi, imelowa chapachapa. Kumbe walikuwa wanachanganya oili na petroli kwa macho, wanazidisha oili ili injini isife haraka, maana nyingine hawawezi kununua. Halafu mashine inalala nje na umande. Ikisafirishwa juani hadi kwangu inakuwa imekauka, ndiyo maana inawaka.

Nikakimbia jikoni kwa mke wa mjomba, nikaiweka plagi kwenye makaa, nikaifuta, nikairudisha ingali ya moto. Petroli nikachanganya upya kwa kipimo. Nikavuta.

Ikawaka! Nilipiga kelele kama mtoto.

Mjomba akaibeba akaingia nayo kwenye mikorosho, wingu la njano likapanda. Alipotoka, nyusi zote njano, hakunishukuru. Alisema tu:

"Mkwe, hawa wawili wanakusubiri. Na hicho kibanda cha mjini kifunge. Ugonjwa uko huku, mganga anakaa mjini?"

Sikukifungua tena, nikabaki vijijini. Niliporudi nyumbani siku kadhaa baadaye, begi lilikuwa uvunguni na nguo za Hadija zimeanikwa kambani. Msimu uliofuata nilifika hadi Ruangwa, Nkowe na Matambarale, nalala kwa watu, naamka nao. Wengine walinilipa kuku. Nilipokea.

Kwa hiyo vijana, mambo yakibana, mfuateni mteja saa ile anapoteseka. Akija kwako ameshaoga na kuvaa shati safi, hutaona shida yake.

Haya, nanyi mlianzia wapi hali ilipokuwa ngumu? Na mafundi wa kusini, nikosoeni nilipokosea.

Mjomba Issa ametangulia mbele za haki. Mashine yake ninayo mimi, alisema nipewe. Bado inawaka, na huwa naijaribu alfajiri tu.