Mtoto Aliyeandikwa Mara Mbili

Wiki hii nilikuwa kwenye foleni ya hospitali hapa Mpanda kompyuta ya mapokezi ilipokufa. Fundi akarudisha taarifa kutoka kopi ya akiba, tukashusha pumzi. Kumbe kopi ile ilichukuliwa kabla mama mmoja wa Mishamo hajajifungua, hivyo mtoto wake hakuwemo.

“Mwanangu kafutika?” aliuliza, akimkumbatia.

“Hapana, mama. Namwandika upya,” nesi alimjibu. “Jina?”

Mara ya kwanza, mume wa mama huyo akiwa safarini, liliandikwa jina alilotaka mama mkwe. Sasa mume mwenyewe, aliyekuwa kando yake, akawahi kujibu: “Andika la bibi yake, marehemu mama mzazi wa huyu mke wangu.”

Mkewe akajifunika uso kwa kanga. Fundi alikuwa bado anatuomba radhi kwa taarifa zilizopotea. Tukamwambia, “Acha tu, ndugu yetu.”