Moto Ambao Zenon Hakuuwasha

Kijijini kwetu, upande wa Mpui, moto wa kwanza wa mwaka ni kazi ya nyumba moja. Mwezi wa tano, nyasi zikiwa nusu kijani nusu kavu, Zenon hutoka alasiri na kuchoma ukanda mpana kuuzunguka msitu mdogo wa chemchemi. Moto huo hauna makeke. Unalamba majani ya juu, unaacha mashina, na umande wa usiku unaumaliza. Mwezi wa tisa, moto mkali unapopanda kutoka bondeni, upande wa Muze, ukifika ukandani unakosa cha kula. Uwanda wetu karibu wote ni nyasi tupu, lakini pale chemchemini miti imebaki.

Kazi hiyo aliachiwa na baba yake, na hakuwa mtu wa kuificha. Hata kwenye jumuiya, sala ikiisha, lazima atuambie jambo kuhusu upepo na nyasi. Alituchosha, lakini alijua, tukamwacha aseme.

Mwaka jana alinunua mitamba. Nyasi za ukandani zilikuwa zimestawi, akaona hasara kuzichoma. Alitaka kuwalisha mitamba wake kiangazi. Angesema hivyo, tungezozana kidogo na yangeisha. Yeye akasema nyasi bado mbichi. Baadaye akasema upepo haujatulia. Mdogo wake, Adriano, alimwuliza mara moja tu.

"Kaka, hatujachelewa kweli?"

"Wewe moto ulifundishwa na nani?"

Adriano akaenda zake. Nasi tukaliacha hapo, maana nani abishane na Zenon habari za moto?

Mwezi wa tisa moto ulipopanda ulikuta ukanda bado una nyasi za kufika kiunoni ambazo mitamba hawakuzimaliza, kavu kabisa. Tulikimbia na matawi, tukaupiga mpaka nyusi zikaungua, wapi! Ukaingia msituni. Miti mikubwa yenye magome manene ilisimama, lakini miche yote ikaisha, na ule udongo mweusi wa majani yaliyooza ukaungua mpaka chini. Mvua ya kwanza ikashusha majivu kwenye chemchemi, na kina mama wakaanza kuteremka mpaka kijito cha mbali kutafuta maji ya kunywa.

Mimi nilitaka agombezwe, tena mbele ya watu. Hakuna aliyemgombeza. Walimsalimia kama kawaida na kumwulizia hali ya nyumbani, naye akawa anajibu huku anatazama viatu vyake. Kwenye jumuiya alianza kukaa karibu na mlango, na wimbo wa mwisho ulimkuta njiani. Kibaya zaidi, mvua zilipokolea, pale palipoungua paliota majani laini kuliko mahali popote kijijini. Ng'ombe wa kila mtu walinenepa pale. Zenon aliwazungusha mitamba wake mbali, wakale mabua, kwa sababu aliona aibu waonekane wakishiba mahali pale.

Mkewe, Edith, ndiye aliyetuambia kwamba mumewe alikuwa anajiandaa kusema. Mwezi wa tano ukifika, kabla ya kuwasha, angetamka mbele yetu kwamba nyasi za mwaka jana zilikuwa tayari, na kwamba alidanganya.

Siku hiyo Zenon alipofika ukandani, moshi ulikuwa umeshapanda. Adriano alikuwa mbele, anauongoza moto taratibu, nasi tumejipanga pembeni.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba."

"Wazee walisema tusikusumbue mwaka huu."

Alisema kwa upole, na nadhani upole ndio uliomwumiza. Zenon aliutazama moshi; maneno aliyoyaandaa yalikuwa ya kabla ya kuwasha. Adriano akakata tawi bichi, akampa kwa mikono miwili.

"Nisimame wapi?" Zenon aliuliza.

Adriano akasita, kisha akamwonyesha upande uliokwisha kuungua. Kaka yake akaenda. Alisimama juu ya majivu mpaka umande ulipoanza kushuka, ameshika tawi lake, akilinda mahali ambapo hapakuwa na cha kuungua.