Bati la Ishirini

Nilikuwa mtu mzima mwenye duka lake kabla sijajua kwamba pesa inaweza kulipwa na bado isifike. Dukani kwangu Kashai, mjini Bukoba, mteja akilipa, noti inaingia kwenye droo, habari imekwisha. Kisha nikaanza kuuza akamwani kwa mtandao. Akamwani ni kahawa yetu ya kutafuna. Huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, ikaanikwa, na mgeni akiingia kwa Mhaya ndicho kitu cha kwanza kuwekewa mkononi. Wahaya walioko mbali wanaikumbuka kuliko wanavyotukumbuka sisi ndugu zao. Wanalipa kwa kadi, kampuni ya malipo inapokea, halafu kampuni inanitumia mimi.

Hiyo "halafu" ilinisumbua. Mimi ni mtu wa kuuliza, tangu shule nilichapwa kwa ajili hiyo. Nikatenga daftari, nikawa naandika saa mteja alipolipa na saa pesa iliponifikia. Siku mbili. Siku mbili. Siku nne, kwa sababu wikiendi ilipita katikati. Mume wangu akawa ananicheka kwamba naifuatilia pesa kama askari wa upelelezi.

Nikaipigia simu kampuni. Binti mmoja mpole akaniambia, "Pesa yako ipo, dada. Iko njiani."

"Njia gani?" nikamuuliza. Basi la kutoka Dar linafika Bukoba siku ya pili, na barabara tunaijua ilivyo.

Hakukasirika. Akanieleza kwamba wanaishikilia kidogo, asije mwenye kadi akageuka na kusema hakununua kitu. Nilimshukuru kwa moyo wote. Mtu akinieleza jambo nikalielewa, hasira yote inaniishia.

Hayo yalikuwa ya kujifurahisha tu, mpaka Wiki Takatifu ya mwaka jana. Jumanne upepo uling'oa paa la nyumba ya mama yangu, huko kwetu karibu na Rubya. Masika yalikuwa yameshika kwelikweli. Mama alihamia kwa jirani yake Mlutheri na kunipigia simu akicheka, akisema akikaa huko mpaka Pasaka watamwingiza kwenye kwaya. Lakini fundi alikuwa ameshapima: mabati ishirini. Mama hakuwa na pesa ya kuyanunua, na mimi nilikuwa na deni la mashine ya kufungia pakiti.

Jumatano mchana ikaingia oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata. Familia moja ya ughaibuni ilikuwa na sherehe ya kumuaga binti yao na ilitaka akamwani kwa wageni wote. Makato ya kawaida yakiondolewa, zilibaki laki sita na nusu. Kwenye simu yangu ikatokea alama ya kijani: imelipwa. Bati moja lilikuwa elfu thelathini na mbili. Nilipiga hesabu mara tatu, nikampigia mama nikipiga kelele.

"Lini?" akauliza.

Hapo nikatulia na kuhesabu siku mbili za kazi. Alhamisi moja. Ijumaa Kuu haihesabiwi, Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi, Jumatatu ya Pasaka haihesabiwi. Jumanne.

"Kumbe mashine yenu nayo inakwenda kwenye Njia ya Msalaba," akasema. Kisha sauti ikashuka. "Mwanangu, mimi nimeshaongea na mtu. Anakuja Jumamosi kuangalia kahawa."

Kahawa ilikuwa bado mbichi mitini. Nilielewa mara moja, na nilikasirika. Hiyo tunaiita butura: unauza kahawa yako kabla haijaiva, unapewa pesa leo kwa nusu ya bei au chini ya hapo, na msimu ukifika mavuno ni ya mwenzako. Baba alifanya hivyo nilipokuwa darasa la tano. Mwaka ule tulichuma kahawa kwenye kibanja chetu wenyewe, tukaibeba vichwani mpaka nyumbani kwa mtu mwingine. Nilimuuliza baba kwa nini. Ndiyo mara pekee ninayokumbuka aliposhindwa kunijibu.

"Mama, usiuze. Nipe mpaka Jumanne."

"Mvua haijui Jumanne, waitu mwanangu. Na yeye amesema ni Jumamosi au basi."

Nilimpigia tena yule binti mpole. Akaniambia utaratibu ni huo huo kwa kila mtu. Jumamosi saa moja asubuhi nilikuwa nimeishika simu kama rozari, nikaona chini kabisa ya ukurasa kitufe ambacho sikuwahi kukitazama vizuri: Lipwa sasa. Kampuni ilikuwa tayari kunipa pesa yangu papo hapo, ikibaki na elfu thelathini na tisa. Nikabonyeza. Sikuwa nimeiweka simu mezani, ujumbe ukaingia.

Nilifurahi, kisha nikashangaa. Kama pesa inaweza kufika kwa dakika moja, basi haikuwa njiani siku zote hizo. Ilikuwa imekaa mahali. Nilitamani kujua ni wapi, na ilikuwa ikimfanyia nani kazi, lakini kulikuwa na mabati ya kununua.

Nilipofika na pikapu kutoka Muleba mjini, yule mnunuzi alikuwa ameketi uani, akitafuna akamwani aliyopewa na mama. Nilimtambua. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe, lakini ni yule yule aliyechukua kahawa ya baba. Aliyatazama mabati yakishushwa, akaelewa, akainuka. Akatuaga kwa heshima zote, akatutakia Pasaka njema, akapita kati ya migomba akaenda zake. Nilijiona nimemshinda.

Mama alikuwa akihesabu mabati kwa kidole.

"Kumi na tisa," akasema. "Si ulisema ishirini?"

Nikamweleza kuhusu kitufe. Nilieleza vizuri, kwa upole kama wa yule binti: siku za kazi, kadi, kwamba ukitaka pesa yako mapema wanakata kidogo. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, macho yake yakiwa kwenye ile mibuni yenye punje za kijani.

"Kwa hiyo pesa ilikuwa yako."

"Ndiyo."

"Ila ilikuwa haijaiva."

Niliitazama simu mkononi.

Hakuwa ananilaumu, hilo lazima niliseme. Mimi udadisi wangu nimeutoa kwake, na alikuwa anataka kujua tu. Alisogea karibu, akauliza kwa sauti ya chini, kama anayeuliza habari za mkwe asiyemfahamu.

"Huyu anayeondoka namjua. Namjua na mama yake. Baba yako alipofariki alikuja, akabeba jeneza." Akaigusa simu iliyokuwa mkononi mwangu. "Wa kwako ni nani?"