Ukuta wa Mama Penye Mulango

Sisi tuliokulia Kashikishi, hapa kando ya ziwa, tukisikia harufu ya udongo mubichi, hatufikiri shamba. Tunafikiri kanisa. Watoto wa leo sijui wanafikiri nini. Pengine wanatafuta tu pahali rezo ya simu, ule mutandao, inashika.

Kanisa letu lilikuwa la matofali ya udongo, majani juu, karibu na ziwa kiasi kwamba muhubiri alishindana na kelele za wauza samaki. Kila mwaka mvua ililamba zile kuta, na kila mwaka, wiki ile ya kuelekea Pasaka, bamama walizisiriba upya. Baba zetu walijenga mara moja wakapumzika. Mama zetu walijenga kila mwaka, na hakuna aliyewaita mafundi.

Kazi yetu watoto ilikuwa kuleta udongo. Mwekundu tulichimba kwenye kichuguu, mweupe tulichota kule kijitoni, mweusi ulitoka kwa makaa ya kutwanga. Bamama waliuchanganya na uji mwepesi wa muhogo ili ushike. Uji huo ulitushinda. Tulikunywa njiani, tukajaziliza na maji ya ziwa, halafu bamama wakashangaa kwa nini ukuta unapukutika. Siku ya masomo tulifika na kucha nyekundu, mwalimu akatuchapa kwa uchafu. Nyumbani mama alisema, "Vumilia tu. Ile fimbo Mungu ameiona."

Kila mama alikuwa na kipande chake cha ukuta, na alikichora kwa vidole. Huyu alichora macho ya wavu, huyu mawimbi, huyu chisense, wale samaki wadogo, wakienda kundi zima. Mahubiri yakiwa marefu, sisi tulisoma ukuta. Ulijua nani amegombana na jirani, maana mistari yao haikugusana. Ulijua nani ana furaha. Mimi nasema muhubiri aliomba kwa mudomo na bamama waliomba kwa vidole, na sijui Mungu alisikiliza upande gani zaidi.

Mama yangu hakuwa na kipande. Alivuka kutoka Kongo na mimi mugongoni, na Kibemba chake, lugha ya hapa, kilikuwa cha kuuzia muhogo tu. Aliteka maji, akaosha mabeseni, akakaa pembeni. Wenzangu walinyoosha vidole wakiringa, "Kile cha mama yangu." Mimi nilisema mama yangu anaumwa mukono. Mutoto anaona mambo hayo, na yanamuuma kuliko njaa.

Mpaka Pasaka moja Bana Chola, yaani mama yake Chola, mukubwa wa bamama wa kanisa, alimshika mama mukono ukiwa bado unachuruzika maji, akauweka ukutani, pale penye mulango. Akamwambia kwa Kiswahili chake cha soko, "Hapa ni yako. Anza." Kilikuwa kipande kibaya kuliko vyote, mbuzi walijikuna pale, watu walikigusa wakiingia. Mama alikirudilia mwaka mzima bila kunung'unika. Na toka siku hiyo alianza kuimba kwa sauti. Alituambia, "Mutu mwenye iko na ukuta, haiko tena mugeni."

Leo tuna kanisa jipya la sima, yaani saruji, malata ya bati juu, vioo madirishani. Kijana Kasongo, mukubwa wa kamati ya ujenzi, alituonyesha foto ya muchoro wa kanisa hilo kwenye simu hata kabla ya kuchimba musingi. Plasta ilipokauka, aliipapasa kama mutu anayepapasa ng'ombe aliyemnunua. Laini kabisa. Vijana wa leo wanapenda laini: ukuta laini, viatu laini, hata kazi wanaitafuta iwe laini. Nami nilifurahi, nisiwe munafiki. Kusali bila kuvujiwa ni baraka.

Lakini nyuma kabisa anakaa Mama Ngoie. Ametoka Kongo na watoto wake, anauza muhogo hapa sokoni. Kila Jumapili alifika kimya, akaondoka kabla ya watu kusalimiana. Kukaa kule nilikufahamu. Nikaenda kwa kamati: nipeni ukuta wa mulango tu, bamama tuusiribe, na yeye apate kipande. Kasongo alicheka kwa adabu. "Mama, plasta ile tumeteseka nayo. Udongo tena? Tunarudi nyuma?" Nikamjibu kwamba huko nyuma ndiko alikobatizwa. Pasta alikubali, nadhani kwa kunichoka.

Tukasiriba asubuhi, Mama Ngoie katikati yetu. Jua lilipopanda, udongo wote ukaanguka, vipande vipande, na michoro yake. Sisi wazee wa kusiriba, hakuna hata mumoja aliyekumbuka kwamba maisha yetu yote tulisiriba udongo juu ya udongo. Sima ile laini haikuwa na pa kushikia. Mama Ngoie ndiye aliyeinama wa kwanza kufagia. Akasema polepole, "Haina neno, mama. Mie nimezoea."

Neno hilo lilinivunja roho. Nilienda nyuma ya kanisa nikalia, na umri wangu huu.

Nikiwa kule nikasikia nyundo. Niliporudi, Kasongo na wenzake walikuwa wanaidonoa plasta yao, ile waliyoipapasa, wanaitoboa vishimo ili udongo upate kushika. Vumbi limemjaa kichwa. Hakuniangalia. Alisema tu, "Mama yangu naye alikuwa na kipande kule kwa kanisa la zamani," akaendelea kugonga.

Enzi zetu mvua ndiyo iliyotukusanya. Ukuta ukilambwa, hakuna aliyengoja kualikwa. Sima haimuhitaji mutu. Inasimama peke yake, na wewe unaweza kusali ndani yake miaka bila mukono wako kugusa chochote. Wengi wa bamama wale wamelala makaburini, na kazi yao yote imekwenda na maji. Nawakumbuka, na bado inauma.

Lakini udongo wa safari hii umeshika. Jumapili iliyopita ibada iliisha, watu wakatawanyika, nikarudi ndani kuchukua kitenge changu nilichosahau. Mama Ngoie alikuwa bado yuko, anabishana na bamama wawili juu ya nani atachota udongo mweupe mwaka ujao.