Hodi ya Nne

Swabir anajua kuandika programu kama mamake anavyojua kusuka ukili wa mikeka. Kazi yake ni programu ndogo ndogo zinazolala kwenye mitambo ya mbali. Zikiitwa huamka, hufanya shughuli yao, kisha hulala tena. Zikitaka kuuliza jambo mtandaoni, hupitia maktaba ya msimbo aliyoitunga mwenyewe, akaiita Hodi. Tunashiriki chumba cha kazi hapa Ukunda, nami nilimtania sana kwa sheria yake. Hodi hubisha mara tatu. Isipojibiwa, haisumbui mtu. Hurudi na jibu la mwisho lililowekwa akiba.

"Mtu hapigi hodi ya nne, bwana," alikuwa akisema. "Ni utovu wa adabu."

Wateja wake wa hotelini waliipenda, maana mtandao ukikatika hawaoni kosa lolote.

Mamake, Bi Mwanapili, anaishi peke yake kisiwani Funzi, na simu haitaki kabisa. Swabir akamtengenezea kidude chenye kitufe kimoja. Kila asubuhi programu hukiita kupitia Hodi, nacho hutoa sauti ya Swabir: "Hodi, mama." Mama hubonyeza, husema neno, na sauti yake hutufikia mezani tukinywa chai.

Jumapili tulikwenda kumjulia hali. Alitupikia wali wa nazi, akatuchinjia jogoo wake, mkorofi yule aliyekuwa akiwika hata adhuhuri. Tulimla tukammaliza.

Jumatatu sauti ikaja. "Karibu mwanangu, mimi mzima." Akakohoa, na nyuma yake jogoo akawika. Hatukutia maanani.

Jumanne ikaja tena. “Karibu mwanangu” ile ile, kikohozi kile kile, jogoo yule yule. Swabir aliweka chini hamri aliyokuwa akila kwa chai.

"Yule jogoo si tulimla?" nikamwuliza.

Alifungua msimbo wake akasoma, na uso ukambadilika.

"Hii ni sauti ya akiba, ya Jumapili asubuhi," alisema. "Mama hajajibu tangu tuondoke."

Tukavuka kwa boti. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Jirani akatwambia alipita jana, akabisha tatu, hakuitikiwa, akaenda zake. Swabir akapiga hodi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kimya. Nilimwona akirudi nyuma hatua moja kwa mazoea, Mungu amsamehe. Kisha akapiga ya nne, kwa bega.

Bi Mwanapili alikuwa sakafuni, nyonga imevunjika, midomo imekauka. Kidude kilikuwa juu ya meza, mkono wake haukifikii. Alikuwa hai. Swabir akapiga magoti, asijue amshike wapi.

"Jana nilikusikia, mwanangu, na leo pia," alisema kwa sauti ndogo. "Nilikuitikia karibu. Ukabisha tatu, ukaenda zako."