Mtoto Aliyekuja na Mama Yake

Binti yetu alivunjika mkono akiwa gredi ya sita. Alianguka kutoka kwenye mparachichi ulio nyuma ya jiko letu huko Nyacheki, na mama yake hakuwepo. Alikuwa amekwenda Nairobi kumzika shangazi yake. Jirani akatupeleka kwa gari lake mpaka Kisii mjini. Daktari alitazama picha, akasema mfupa umekaa vibaya, itabidi mtoto atiwe usingizi ili unyooshwe. Akanielekeza kwa karani nikatie sahihi.

Karani aliangalia cheti cha kuzaliwa, kisha akaniangalia mimi. Jina la baba lililoandikwa pale halikuwa langu. Akaniuliza mimi ni nani kwa huyu mtoto.

Nilimweleza kwa Ekegusii, bila haraka. Kwamba mama yake nilimwoa binti akiwa bado anabebwa mgongoni. Kwamba nilipeleka ng'ombe kwao, na wazee wakatamka mbele ya watu kuwa ng'ombe hao wamemleta mama pamoja na mtoto. Kwetu jambo hilo huwa limekwisha pale. Mtoto ni wa ng'ombe, na ng'ombe walikuwa wangu. Karani naye alikuwa wa kwetu, akanisikiliza mpaka mwisho.

"Nimekuelewa, tata," akasema, akiniita baba kwa heshima. "Lakini hapa hakuna mahali pa kuandika ng'ombe."

Wakampigia mama yake simu, wauguzi wawili wakasikiliza akikubali, na mkono ukanyooshwa. Mimi nilikaa kwenye benchi nikifikiri jinsi nilivyokuwa baba kwa miaka yote hiyo bila mtu kuniambia kwamba serikali haina habari.

Mimi si mtu wa kukaa mahali pamoja. Niliacha shule mapema, nikavunja mawe, nikauza ndizi Keumbu, nikaendesha boda boda Ogembo, nikachuma chai ya watu huku na kule Nyamira. Kila mahali nilijifunza kazi, nikaichoka, nikaondoka. Nyumba ya mwanamke huyu ndiyo ya kwanza niliyokaa mpaka nikajua ni mlango gani huvimba wakati wa mvua. Kwa hiyo swali la karani liliniwasha.

Mwaka uliofuata mke wangu akapata kazi Qatar, mkataba wa miaka miwili. Usiku huohuo hakuongea juu ya mshahara. Aliuliza nani atatia sahihi kwa ajili ya mtoto yeye akiwa mbali. Baba mzazi yuko hai, hapo Keumbu, anashona viatu. Akiamua kuja kumchukua, mimi ningemwonyesha nini?

Tukaenda kwa wakili, mama mmoja mwenye ofisi juu ya duka la simu. Nilimuuliza maswali mpaka akaweka kalamu chini. Akatueleza kwamba kumlea mtoto wa mke wako hakukupi haki ya mzazi, hata umlee miaka mingapi. Njia ya kuwa baba kamili ni kumwasili mahakamani, mimi na mama yake kwa pamoja. Lakini baba mzazi lazima akubali, au ithibitishwe kwamba amemtelekeza mtoto. Afisa wa watoto atakuja nyumbani kutuchunguza. Na mtoto mkubwa kama huyu lazima naye aulizwe.

"Mkishapewa," akasema, "kamba ya upande ule imekatwa. Baba yake, nyanya yake wa kule, urithi wa kule, vyote. Na wewe huwezi kurudi nyuma."

Shemeji yangu alipopata habari alicheka. "Mtu wa kuhamahama kama wewe unatafuta karatasi ya milele?" Baba mkwe hakucheka. Alisema nikienda kumwomba yule mtu, nitakuwa nimekiri kwamba ng'ombe wale hawakufanya kazi. Yule hakutoa hata kuku. Utamwombaje mtu kitu ambacho si chake?

Nilikwenda hata hivyo, tena peke yangu. Nilimkuta kando ya barabara ameshika kiatu katikati ya magoti. Alinitambua. Akanipa stuli na kuendelea kushona huku nikimweleza habari ya hospitali, ya Qatar na ya mahakama. Nilitarajia hasira, au bei. Alikata uzi kwa meno.

"Wazee wangu waliniambia mtoto si wetu kwa sababu sikuwa na ng'ombe," akasema. "Nikakubali. Nilikuwa nikiwaona sokoni, napita upande mwingine. Sasa wewe unakuja kuniambia kwamba kwa sheria ni wangu siku zote, na papo hapo unaniomba nimwache."

Nilikuwa nimemhesabu miongoni mwa waliotupa mtoto. Kumbe alikuwa ameshikilia ileile desturi niliyokuwa nimeshikilia mimi, ila yeye alikuwa upande uliokosa. Akasema atatia sahihi, lakini kwanza amwone mtoto.

Mke wangu alikataa kwa wiki nzima, kisha akakubali. Binti na baba yake mzazi walikutana kwenye hoteli ndogo ya chai Keumbu. Mimi niliketi meza ya mbali nikijifanya nasoma gazeti. Hawakuongea sana. Mshona viatu aliinama akavitazama viatu vya binti, akamwambia soli ya kushoto inalika upande mmoja, akamvua kiatu hicho akaondoka nacho. Binti akabaki na soksi akinywa chai. Kiatu kiliporudi, walikuwa wanacheka jambo ambalo sikulisikia.

Afisa wa watoto alipokuja nyumbani aliongea na binti peke yake, chini kwenye shamba la chai la mama yake. Baadaye binti mwenyewe alituambia alichosema. Anataka mimi ndiye niwe natia sahihi, na anataka kubaki hapa mama akisafiri. Ila yule mwingine asifutwe.

"Nikifutiwa yule, nikimkuta Keumbu nitamwita nani?" aliniuliza. "Na wewe tayari nakuita tata."

Iliniuma, sitaficha. Nilikuwa nimeitaka ile karatasi kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Niliingia shambani nikachuma chai isiyokuwa tayari, mpaka mke wangu akaniita nisimharibie mashina. Jioni tukampigia wakili. Akasema iko njia fupi zaidi: mahakama inaweza kuniweka mlezi wa kisheria, wazazi wote wawili wakikubali. Hakuna kamba itakayokatwa. Nitatia sahihi hospitalini na shuleni. Sitakuwa baba yake kwenye vitabu.

Siku ya mahakama tulikaa benchi moja, mke wangu, binti, mimi, na mshona viatu aliyevaa koti kubwa la kuazima. Baba mkwe alikuja akaketi nyuma. Alimnong'onezea jirani yake, kwa sauti iliyotufikia sote, kwamba leo ng'ombe wake wamezaa baba wawili.

Hakimu alifungua faili. Akauliza baba wa mtoto ni yupi, asimame.

Tulisimama wote wawili.

Binti alifunika mdomo. Hakimu akatutazama juu ya miwani, akangoja. Mshona viatu alinigeukia, na nikaona ameanza kupinda magoti ili aketi, kama alivyokuwa akipita upande mwingine sokoni. Nikamshika koti, nikamzuia. Kisha mimi ndiye niliyeketi.

Mshona viatu akataja jina lake, likaandikwa. Akaulizwa kama anakubali, akakubali. Ndipo hakimu akamwita anayeomba kuwa mlezi, nami nikasimama tena, safari hii peke yangu.